Afya ya mwanamke haiishii leba: nani atamfundisha habari za mifupa yake?

Kaa kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto asubuhi ya siku ya kazi, usikilize somo linalotolewa kabla ya kuanza kupima uzito. Muuguzi atazungumzia chandarua, vidonge vya kuongeza damu, dalili za hatari kwa mjamzito, kujifungulia kituoni, kunyonyesha miezi 6 bila kumpa mtoto hata maji. Ni somo zuri, limeokoa roho nyingi, na wauguzi wetu wamelitoa kwa moyo miaka nenda miaka rudi. Lakini watazame waliokaa. Kila mmoja ana mimba au amebeba mtoto. Binti wa miaka 11 hayumo. Mama wa miaka 52 hayumo. Na kwa habari ya mifupa, hao wawili wasiokuwemo ndio waliostahili benchi la mbele.

Hapo ndipo ninapoiona kasoro kubwa ya elimu ya afya tunayowapa wanawake wa Afrika Mashariki. Tumeifunga kwenye uzazi. Mwanamke anafundishwa mwili wake anapojiandaa kuzaa, anapozaa na anaponyonyesha. Kabla ya hapo ni mtoto, baada ya hapo ni bibi, na bibi akianguka akavunjika nyonga tunasema ndiyo uzee. Osteoporosisi, yaani mifupa kupungua uzito na uimara wa ndani hadi ivunjike kwa kishindo kidogo tu, huzuiwa katika miaka ileile ambayo hakuna anayemsemesha.

Mfupa ni kiungo hai. Seli nyingine huubomoa taratibu, nyingine huujenga upya, na kazi hiyo haisimami hadi mtu afe. Utotoni na wakati wa balehe ujenzi hushinda ubomoaji. Msichana akifika miaka 18 huwa ameshajikusanyia hadi asilimia 90 ya mfupa wote atakaokuwa nao maishani, na kilichobaki hukamilika karibu na miaka 30. Baada ya hapo anaishi kwa akiba hiyo. Homoni ya estrojeni ndiyo inayoilinda. Hedhi inapokoma estrojeni hushuka, ubomoaji hushika kasi, na katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Wanaume nao hupoteza, ila hawapatwi na mshuko wa ghafla wa namna hiyo. Ndiyo maana hesabu za kimataifa husema kati ya wanawake 3 waliovuka miaka 50, mmoja atavunjika mfupa kwa sababu ya ugonjwa huu, na kwa wanaume ni mmoja kati ya 5.

Na hauumi. Jambo hili linawapoteza wengi. Magoti yanayouma, vidole vinavyovimba, viungo vinavyokakamaa asubuhi: hayo kwa kawaida ni magonjwa ya maungio, ni habari nyingine kabisa. Mfupa unaopungua haumpi mwenyewe taarifa yoyote. Huenda akaona tu kwamba dera lililokuwa likimfika kwenye kifundo cha mguu sasa linaburuza chini, kwa sababu pingili za mgongo zimebonyea na kimo kimepungua, na mgongo unaanza kupinda. Eksirei ya kawaida haioni mapema. Mpaka ionyeshe mifupa imefifia, karibu theluthi ya madini yake huwa imeshakwenda. Kipimo chenyewe, DXA, humlaza mtu kwenye meza na kumpiga miale hafifu kwenye nyonga na kiuno, kisha kulinganisha mifupa yake na ya mwanamke kijana mwenye afya. Tangu 1994 Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka kwamba alama ya ulinganisho huo ya hasi 2.5 au chini ya hapo ndiyo osteoporosisi. Kwetu mashine hizo ni chache na ziko miji mikubwa, kwa hiyo kumwambia mama wa Kasulu au wa Kitui "kapime mifupa" ni kumwambia kitu asichoweza kukitenda.

Nafasi tuliyoiacha wazi imejazwa na wauzaji. Nimekaa kwenye semina za virutubisho ukumbini, zile ambazo mtu hupewa chuma akishike mkononi, chuma kimeunganishwa na kompyuta, na baada ya dakika chache anachapiwa karatasi zinazotaja kila kiungo cha mwili wake. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu aliambiwa mifupa yake imepungukiwa kalsiamu. Aliyemfuata naye. Aliyemfuata huyo naye. Wote walitoka na makopo ya unga kwa fedha ambayo ingenunua maziwa ya miezi. Hakuna kipimo cha mifupa kinachofanyika kwa kushika chuma. Wale akina mama si wajinga. Walikuja kwa sababu kuna mtu, kwa mara ya kwanza tangu waache kuzaa, aliyewaalika kuzungumza kuhusu miili yao. Hilo linanisikitisha kuliko fedha waliyotoa.

Wapo watakaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Dhana hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1968 daktari Louis Solomon alichapisha uchunguzi wake wa Johannesburg, ulioonyesha kwamba kuvunjika shingo ya fupa la paja kulikuwa nadra sana kwa Waafrika weusi ukilinganisha na Wazungu. Huko Keneba, Gambia, watafiti waliowafuatilia wanawake wa vijijini kwa miongo kadhaa waliwakuta wakila kalsiamu kidogo mno, miligramu 300 hadi 400 kwa siku, na bado kuvunjika mifupa uzeeni hakukuwa jambo la kawaida. Ni ukweli, na tusiufiche. Lakini wanawake hao waliishi vipi? Walitembea, walilima, walitwanga, walibeba mizigo, walishinda juani, na wengi wao hawakufika miaka 75. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu kama milioni 2.7 wenye miaka 60 na kuendelea. Bibi yetu wa leo anaishi muda mrefu zaidi ya bibi wa 1968, na binti yake amekaa kwenye kiti cha ofisi Nairobi au nyuma ya kaunta ya duka la M-Pesa tangu asubuhi. Kinga iliyotokana na maisha yale haiwezi kurithiwa na mtu asiyeyaishi.

Kutoka hukohuko Gambia kuna onyo jingine. Wajawazito walipewa miligramu 1,500 za kalsiamu kila siku kwa matumaini ya kuwasaidia wao na watoto wao. Mifupa yao haikufaidika. Walipokuja kunyonyesha, ilipungua zaidi kuliko ya wenzao ambao hawakupewa. Mwili uliokuwa umezoea kuishi na kidogo ulivurugika ulipopewa kingi kwa muda mfupi. Kalsiamu kwa mjamzito ina kazi nyingine muhimu, kupunguza hatari ya shinikizo la damu linaloleta kifafa cha mimba, na akiandikiwa kliniki ameze bila wasiwasi. Ninachopinga ni ile fikra kwamba elimu ya mifupa ni kugawa vidonge.

Basi tuanze na binti.

Nchini Finland, mwaka 1995, watafiti walipima mikono ya wanawake wanaocheza tenisi na skwoshi. Mkono unaoshika raketi ulikuwa na mfupa mzito kuliko mwingine, kama mtu angetarajia. La kushangaza ni kwamba tofauti hiyo ilikuwa karibu mara mbili kwa wale walioanza kucheza kabla ya kuvunja ungo au wakati huohuo, ukilinganisha na walioanza ukubwani. Kuruka, kukimbia na kugeuka ghafla katika umri ule hujenga mfupa ambao mazoezi ya baadaye hayawezi kuujenga kwa kiwango hicho.

Sasa tazama tunachofanya sisi. Binti wa miaka 9 anacheza rede, anaruka kamba, anacheza kombolela hadi magharibi. Siku anapovunja ungo anaambiwa umeshakuwa mkubwa, acha kurukaruka, kaa vizuri, ingia jikoni. Shuleni anaona aibu kukimbia kwa sababu hana taulo la kike la kutegemea. Kaka yake anaendelea na mpira mpaka giza liingie. Tunamsimamisha katika miaka michache ambayo mifupa yake inahitaji kishindo cha miguu ardhini kuliko wakati wowote mwingine, na tunafanya hivyo kwa jina la malezi mema. Heshima ya binti haipungui akicheza netiboli. Kama kuna ujumbe mmoja ambao ningependa kila kungwi na kila mama aubebe, ni huo.

Kuhusu chakula, mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo ni miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku kwa kijana wa miaka 10 hadi 18, 1,000 kwa mwanamke mtu mzima, na 1,300 tena baada ya hedhi kukoma. Glasi moja ya maziwa ina kama 300. Kenya iliwahi kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 1979 serikali ya Rais Moi ilianzisha maziwa ya bure kwa watoto wa shule za msingi, yale yaliyoitwa Maziwa ya Nyayo, na watu wazima wengi bado wanakumbuka pakiti zile za pembe tatu. Miaka ya 1990 mpango ukafa kwa kukosa fedha na usimamizi. Msichana aliyekuwa na miaka 10 mpango ulipoanza sasa yumo katika miaka ya hamsini, hedhi imekoma au inakoma, na mjukuu wake shuleni anakula kande bila maziwa.

Maziwa si njia pekee, na wengi wetu tumbo huwasumbua wakinywa maziwa freshi ukubwani. Mtindi huwakalia vizuri zaidi. Ulezi una kama miligramu 340 katika gramu 100, na nafaka nyingine hazikaribii hapo. Ufuta usiokobolewa unazidi huo. Dagaa wanaoliwa wazima, na mifupa yao, ni hazina ambayo tumeipa jina baya la chakula cha wasio na uwezo. Nimeona akina mama wakichambua dagaa kwa bidii, kichwa huku, mwiba wa kati huku, kisha sehemu yenye kalsiamu nyingi kuliko zote inaenda kwa kuku. Mchicha una kalsiamu, lakini pia una oksaleti inayoizuia isinyonywe tumboni. Sukuma wiki ni bora kwa kazi hii. Haya ni mambo ya kuonyeshana jikoni, sufuria ikiwa mekoni, kwa sababu bango la picha ya jibini na brokoli halimfundishi chochote mtu anayenunua mboga kwa fungu.

Vitamini D ndiyo inayowezesha kalsiamu kunyonywa, na chanzo chake kikuu ni jua kwenye ngozi. Mwaka 2012 watafiti waliopima damu za Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania waliwakuta na wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango ambacho wakazi wengi wa mijini hawakifikii. Hapa huwa kunazuka maneno kuhusu mavazi ya wanawake wa Kiislamu, na ninadhani lawama inapelekwa mahali pasipo pake. Bibi wa Unguja au Lamu alivaa buibui akitoka, lakini nyumba yake ilikuwa na ua. Uani ndiko alikokuna nazi, alikoanika nguo, alikosukwa nywele, mikono na miguu ikiwa wazi juani, na hakuna mgeni aliyemwona. Mjukuu wake anaishi ghorofa ya nne Kariakoo au Muscat, madirisha yana pazia nzito, na jua halimfikii kabisa. Upungufu wa vitamini D ni mkubwa sana kwa wanawake wa nchi za Ghuba, zenye jua kali. Kilichobadilika ni nyumba, si dini. Misikiti, shule na wenye majengo wangeweza kuwatengea wanawake roshani au paa lenye stara, na jambo hilo lingekuwa kinga ya mifupa isiyohitaji dawa. Kwa ndugu zetu walio Uingereza mambo ni tofauti: kuanzia Oktoba hadi Machi jua la huko halitoshi kabisa, ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi, na huduma ya afya ya nchi hiyo hushauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku katika miezi hiyo.

Kuna pia dawa zinazokula mifupa, na hizi huwagusa wanawake wa rika zote. Predinisoloni ikimezwa kwa miezi mingi hudhoofisha mifupa. Mwenye pumu au ugonjwa wa maungio anayeitegemea anapaswa kuambiwa hivyo na daktari anayemwandikia. Mkorogo wa kujichubua ngozi mara nyingi huwa na steroidi kali ndani yake, na utafiti wa Denmark wa 2021 ulihusisha matumizi makubwa ya krimu kali za steroidi na osteoporosisi na kuvunjika mifupa. Huko Kongo na kwingineko wapo wanaomeza deksamethasoni ili wanenepe. Mwanamke anayejua kwamba krimu inamchubua uso hajui kwamba inaweza kuufikia mfupa, na hajui kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Mbili nyingine zinahitaji kusemwa kwa uangalifu. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu hupunguza uzito wa mifupa kwa kiasi wakati inapotumika. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali mwaka 2004. Mifupa hujirudi kwa kiasi kikubwa sindano ikiachwa, na Shirika la Afya Duniani haliwawekei kizuizi wanawake wa miaka 18 hadi 45. Kwa hiyo asiiache mtu kwa hofu. Aulize tu, hasa akiwa chini ya miaka 18, umri ambao mfupa bado unajengwa. Vivyo hivyo tenofoviri, iliyomo katika kidonge kimoja wanachomeza watu wengi wanaoishi na VVU, hupunguza mifupa kidogo katika mwaka au miaka miwili ya mwanzo. Faida yake ni uhai wenyewe, na kuacha dawa ni hatari isiyolinganishwa na hiyo. Lakini wanawake walioanza ARV wakiwa vijana sasa wanaingia komahedhi, mizigo miwili juu ya mifupa ileile, na kliniki zao huwaona kila baada ya miezi michache. Kama kuna mahali elimu hii ingeweza kuanza kesho asubuhi bila jengo jipya wala mtumishi mpya, ni hapo.

Komahedhi ndiyo iliyofunikwa na ukimya mzito kuliko yote. Binti akivunja ungo ana kungwi, ana somo, ana shangazi. Akiolewa kuna kichen pati nzima ya kumfundisha. Akifika miaka 50 akaanza kutokwa jasho usiku, kukosa usingizi na kukasirika bila sababu, hakuna anayemchukua pembeni. Wengine hudhani wamerogwa. Wengine huficha kwa kuogopa mume atatafuta mwingine. Mafunzo ya mifupa yanapaswa kupita mlango huohuo, na walimu tunao: wanawake wakubwa wa vikoba, wa jumuiya ndogondogo, wa madrasa za akina mama, ambao tayari wanaaminiwa kwa fedha na kwa siri. Wafundishwe vizuri, mara moja kwa mwaka warudiwe, wapewe mambo machache ya kusema: tembea kila siku, panda ngazi, inua vitu vyenye uzito unaouweza, kula dagaa na mtindi, acha sigara, punguza pombe, na mwambie daktari kama mama yako aliwahi kuvunjika nyonga, kwa sababu udhaifu huu hufuata ukoo.

Hata hivyo, pahala tunapopoteza fursa ya wazi zaidi ni chumba cha kufunga plasta. Jirani yangu, mama wa miaka 58, aliteleza uani akiwa na ndoo ya maji, akajikinga kwa mkono, kifundo kikavunjika. Hospitali walifanya kazi yao: eksirei, hogo, dawa za maumivu, rudi baada ya wiki 6. Hogo likatolewa, mkono ukanyooka, akaambiwa mama umepona. Hakuna aliyemuuliza hedhi yake ilikoma lini, ametumia dawa gani, wala aliangukaje. Mwanamke aliyevunjika mfupa mara moja kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe ana hatari ya kuvunjika tena inayokaribia mara mbili ya mwenzake. Kifundo cha mkono huja kwanza, mara nyingi miaka mingi kabla ya nyonga. Na nyonga ndiyo inayoua: hata katika nchi tajiri, karibu mtu 1 kati ya 5 hufariki ndani ya mwaka mmoja baada ya kuvunjika.

Wizara za afya hazihitaji mashine mpya kulirekebisha hili. Zinahitaji karatasi moja iliyobandikwa kwenye faili la kila mwanamke aliyevuka miaka 45 anayeingia na mfupa uliovunjika bila ajali kubwa, yenye maswali manne: hedhi ilikoma ukiwa na miaka mingapi; unatumia au uliwahi kutumia steroidi kwa muda mrefu, za kumeza au za kupaka; mzazi wako aliwahi kuvunjika nyonga; umeanguka mara ngapi mwaka huu. Majibu yakitia shaka, apelekwe kwa daktari wa kliniki ya mifupa aanzishiwe matibabu, kwani vidonge vya kupunguza kasi ya ubomoaji vipo na vinafahamika. Wengine waondoke na ushauri wa chakula, mazoezi na taa ya bafuni ya kuzuia kuanguka usiku, umeandikwa kwa Kiswahili, na tarehe ya kurudi ambayo si ile ya kutoa hogo.